Miezi Minane ya Kujifunza Kuisimamisha Helikopta Hewani

Tangu mwishoni mwa Septemba mwaka jana ninajifunza kurusha helikopta ya rimoti, na kila anayeniuliza nimefikia wapi hupata jibu linalomvunja moyo: ninaweza kuisimamisha hewani, usawa wa macho yangu, kwa muda wa betri moja, ikiwa imeelekea upande wowote ninaoutaka. Siipindui kichwa chini kama wanavyofanya mabingwa kwenye video, wala sijathubutu kuizungusha uwanja mzima. Kuisimamisha tu kumenigharimu seti 7 za mapanga ya rota, lile pangaboi la juu linaloiinua, mihimili 4 ya rota hiyo na gia kubwa 3, na ningali naamini kwamba mwanafunzi anayeikimbia hatua hii atakuwa anawafanyia kazi wauza vipuri.

Nilianza vibaya. Helikopta yangu ya kwanza ilikuwa ile ndogo ya kurushia sebuleni, yenye rota mbili zilizopandana na kuzunguka kinyume, moja ikiifuta nguvu ya nyenzake inayotaka kukizungusha kiwiliwili. Chombo cha namna hiyo hujiweka sawa chenyewe. Ukiachia vidole hutulia, ukikosea hukusamehe. Baada ya wiki mbili nilikuwa naitua juu ya stuli na kujiona rubani. Nilipoitoa nje mchana sikupata kitu, kwa kuwa ilipokea amri kwa mwanga wa infraredi, na jua la Tanga liliuzidi nguvu mwanga huo. Siwakatazi watu kuinunua kwa ajili ya burudani, lakini mtu asidhani kwamba imemfundisha kurusha helikopta. Mimi ilinifundisha kiburi tu, na kiburi hicho nilikilipia baadaye.

Helikopta ninayojifunzia sasa ni ya mkono wa pili. Niliinunua kwa mhandisi mgeni aliyekuwa amemaliza mkataba wake mjini, pamoja na rimoti, chaja na betri tatu. Ni ya daraja linaloitwa 450, jina lililoenea kutokana na T-Rex 450 ya kampuni ya Align ya Taiwan. Kila panga lina urefu wa milimita 325, na duara la rota lina upana wa sentimita 70 hivi. Ukiitazama juu ya meza utadhani ni ya kuchezea. Lakini piga hesabu: duara la sentimita 70 lina mzingo wa mita 2.2, na rota ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, ncha ya panga inakwenda mita 90 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Mwaka 2013 kijana wa miaka 19 aliuawa na helikopta yake mwenyewe ya rimoti katika bustani moja ya Brooklyn, New York. Yake ilikuwa kubwa kuliko hii, na yeye alikuwa mzoefu, wala si mwanafunzi. Hesabu hiyo niliiandika kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko cha sanduku la vifaa, ili niione kila ninapolifungua.

Nasema haya kwa sababu ya watoto. Uwanja ninaorushia uko Tongoni, kwenye njia ya Pangani, nyumbani kwa mjomba wangu, na asubuhi ya Jumamosi hawakosekani watoto kumi na tano. Mjini sikutaka, kwa sababu uwanja wa ndege wa Tanga uko karibu na makazi, na vyombo visivyo na rubani viko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Anayetaka kuanza aulize taratibu za vibali kabla ya kununua chochote. Pale kijijini tuna sharti moja: watoto wote wakae nyuma ya mnazi ulioanguka, hatua thelathini kutoka nilipo, nami siwashi mota mpaka nimewahesabu. Mmoja wao kila mara huniuliza, "Anko, inabeba mtu?" Na kila mara nikijibu kwamba haibebi, hunitazama kwa huruma.

Rimoti ina stiki mbili. Kwa mpangilio nilioufuata, ambao ndio walionao wengi, stiki ya kushoto ikipanda, mota huongezewa nguvu na mapanga yote mawili huongeza mwinamo kwa pamoja, helikopta ikapanda. Ikienda kando, hugeuza pua. Stiki ya kulia ndiyo inayoinamisha rota nzima mbele, nyuma, kushoto au kulia. Chini ya rota kuna sahani mbili zilizoshikana, ya chini imetulia na ya juu inazunguka pamoja na mapanga. Sahani ikiinama, kila panga hubadili mwinamo wake mara moja katika kila mzunguko, na hivyo rota nzima hulalia upande unaoutaka. Mkiani kuna rota ndogo inayozuia kiwiliwili kisizunguke, na jairo ya kielektroniki inayousaidia mkia ubaki pale ulipoachwa. Mjerumani Dieter Schlüter, aliyefanikiwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kurusha helikopta ya rimoti iliyoongozeka, hakuwa na jairo hiyo. Mkia aliushika kwa kidole chake mwenyewe. Nikikumbuka hilo huona haya kulalamika.

Ugumu wenyewe uko hapa. Gari ukilikatia usukani kulia, linakwenda kulia, ukiunyoosha, linanyooka. Helikopta haiko hivyo. Ukiisukuma stiki kulia, rota inaanza kuinama kulia, na ukiirudisha stiki katikati, rota inabaki imeinama vilevile, na helikopta inazidi kuchapuka kuelekea kulia. Kuisimamisha kunadai uisukume stiki kushoto ili kuuondoa mwinamo, upitilize kidogo ili kuua mwendo, kisha urudi kulia kidogo zaidi ili kuuondoa ule mwinamo wa pili. Marekebisho matatu kwa kosa moja, na kabla hujamaliza, upepo umeleta kosa jingine upande wa mbele, huku nguvu ya kupanda nayo imepungua kwa sababu rota imelala. Kwa hiyo helikopta inayoonekana imetulia haijatulia hata kidogo. Ukiitazama mikono ya anayeirusha utaona kidole gumba na cha shahada vimeibana ncha ya stiki, vikitetema kwa misogeo ya milimita moja au mbili, mfululizo, kama mtu anayechekecha unga kwa ungo mdogo sana.

Katika mwezi wangu wa kwanza nilikuwa nikiisukuma stiki nusu ya safari yake. Helikopta ilikwenda kulia mita tatu, ikarudi kushoto mita tano, nami nikaitua kwa kuiangusha. Asubuhi moja mjomba alikuwa anarudi kutoka pwani na nyavu zake begani, akasimama.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hicho chombo chako mbona kinapepesuka kama kimelewa?"

Nikamwambia ni upepo.

"Upepo gani? Huu umande wa kutoka bara hauwezi hata kuijaza tanga ya ngalawa. Wewe unangoja mpaka kiende, ndipo unakirudisha. Usukani wa mashua ukiushika hivyo hufiki Pangani."

Akaenda zake. Mjomba hajawahi kuishika rimoti maishani mwake, na sikupendezwa na hukumu yake mbele ya watoto, lakini alikuwa ameliona tatizo kwa dakika moja tu. Nilikuwa nikiangalia mahali helikopta ilipo, wakati mahali ilipo ni habari iliyochelewa. Kinachotangulia ni mwinamo wa rota. Ukiikodolea macho lile duara la mapanga, ambalo likizunguka huonekana kama sahani ya kioo chenye moshi, utaiona ikianza kulala kabla helikopta haijasogea hata kidogo, na hapo marekebisho ya milimita moja hutosha. Ilinichukua wiki tatu kuyahamisha macho yangu kutoka kwenye kiwiliwili kwenda kwenye duara, na nadhani hizo ndizo wiki tatu zilizonifundisha zaidi kuliko zote.

Kulikuwa na makosa mengine mawili ya ugeni. La kwanza ni woga wa kupanda. Nilikuwa nikiirusha sentimita 20 juu ya nyasi, nikidhani kwamba ikianguka kutoka chini haitaumia. Lakini karibu na ardhi upepo unaotupwa na rota hugonga chini na kutawanyika, na helikopta huteleza juu yake kama sabuni juu ya sakafu yenye maji, tena majani marefu hunasa miguu yake na kuipindua. Hewa hutulia ikishapanda kupita upana wa rota yake, ambao kwangu ni sentimita 70. Tangu nilipojilazimisha kuipandisha haraka hadi mita moja na nusu, idadi ya mapanga yaliyovunjika ilipungua.

Kosa la pili linanichekesha hadi leo. Niligundua kwamba helikopta ikisimama hewani huinamia kulia kidogo, kama mtu aliyebeba ndoo kwa mkono mmoja. Nikasadiki kwamba mhandisi aliniuzia chombo kilichopinda. Nilikaa jioni mbili mezani na bisibisi, nikipima vijiti vya sahani kwa rula, nikivizungusha nusu duru mbele na nusu duru nyuma, na kila nilipodhani nimeinyoosha, asubuhi yake ilinikimbilia kushoto. Mwisho nilikaa chini nikafikiri. Rota ya helikopta hii inazunguka kufuata mwendo wa saa, ukiitazama kwa juu, kwa hiyo kiwiliwili kinataka kuzunguka kinyume chake. Rota ya mkia inakizuia kwa kuusukuma mkia kwenda kushoto. Na msukumo huo haukizuii kiwiliwili tu, huichukua helikopta nzima kushoto pia. Ndiyo maana haina budi kuegemea kulia kidogo ili ibaki mahali pake. Nilikuwa nimetumia siku mbili kuutengeneza ubovu usiokuwapo.

Kwa miezi mitatu ya mwanzo niliifungia miguu ya kujifunzia: fito mbili nyembamba za mwanzi zilizopishana msalaba chini ya miguu yake, zimekazwa kwa vile vifungio vya plastiki ambavyo mafundi umeme hufungia nyaya, na kila ncha nimeitia mpira wa tenisi ya mezani. Fito huizuia helikopta isipinduke inapotua kwa mshazari, mipira huteleza juu ya nyasi badala ya kunasa, na uzito wa ziada huifanya ijibu taratibu kidogo. Kuna wanaoidharau, wakisema inamlemaza mwanafunzi. Mimi naona ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kilichoniokolea fedha nyingi kuliko vyote, na rangi ya mipira ilinisaidia kutofautisha mbele na nyuma kulipokuwa na mawingu.

Habari ya mbele na nyuma ndiyo iliyoniangusha vibaya. Mwanafunzi huanza na mkia ukimwelekea yeye, na hapo kulia kwa helikopta ni kulia kwake. Nilikaa hivyo mpaka Januari, nikaona mambo yamekaa sawa, nikaiondoa ile miguu. Asubuhi hiyo kaskazi iliwahi kuamka. Upepo uliupiga mkia kwa ubavu, nami katika kuugeuza nilipitiliza, pua ikanigeukia. Helikopta ikaanza kwenda kushoto kwangu. Mkono wangu, bila kuniuliza, ukaisukuma stiki kulia. Lakini kulia kwa helikopta inayokutazama ni kushoto kwako, kwa hiyo nilikuwa naiongezea mwendo kule kule ilikokuwa inakwenda; na kadiri ilivyokimbia ndivyo nilivyozidi kuisukuma stiki. Yote haya hayakuzidi sekunde mbili. Ikaipita nguzo ya goli, ikalala ubavu, mapanga yakakata ardhi. Kipande kimoja tulikiona baadaye kimechoma kwenye udongo mithili ya kisu. Kilichonitisha zaidi ni sauti: mota ilikuwa ikiendelea kulia ndani ya nyasi, ikiyasaga meno ya gia, kwa sababu kidole changu kiliisahau kabisa swichi ya kukata mota. Tangu siku hiyo nafanya zoezi ambalo watoto hunicheka nalo: kabla ya kuwasha, naigusa swichi hiyo mara kumi nikiwa nimefumba macho.

Vipuri viliagizwa nje na kuchukua wiki tano kufika. Kipindi hicho ndicho kilichonirudisha kwenye simuleta, ambayo nilikuwa nimeidharau. Rimoti ile ile unaiunganisha na kompyuta kwa waya, na kwenye skrini kuna helikopta inayofuata kanuni karibu zote za ile halisi, isipokuwa ikianguka unabonyeza kitufe kimoja inasimama upya. Nilijiwekea dakika 20 kila usiku baada ya isha, na zote nilizitumia kwa jambo moja: pua ikinielekea. Hila iliyonifaa ni kuacha kabisa kuwaza kulia na kushoto, nikawaza kuitegemeza. Pua ikikuelekea na helikopta ikaanza kulala upande mmoja, peleka stiki upande huo huo inakolala, kana kwamba unaweka mkono chini ya bega lake lisianguke. Usiku wa kwanza niliiangusha mara 61, nilihesabu. Kufikia wiki ya nne ilikuwa mara tatu au nne. Simuleta haina woga wala vumbi, na siku niliporudi Tongoni magoti yalikuwa yakitetemeka kama vile sijawahi kujifunza, lakini mkono ulikuwa umeshajua njia, na hilo lilinitosha.

Betri nazo zina adabu yake. Zangu ni za litiamu, seli tatu, volti 11.1, uwezo wa miliampea-saa 2,200. Ninazichaji kwa ampea 2.2, na huchukua kama saa moja. Umeme ukikatika chaja huiunga kwenye betri ya sola ya mjomba. Seli ikijaa hufika volti 4.2 na haitakiwi kuzidishwa hapo, wala kushushwa hadi ikakauka, kwa hiyo rimoti nimeitegesha ilie baada ya dakika 5, nami hutua hata kama naona raha. Nisilolijua mwanzoni ni kwamba betri hizi hazipendi kukaa zimejaa. Siku kumi na mbili za kaskazi kali niliziacha zote tatu zimechajiwa, nikingoja kutulie, na joto la chumba changu unalijua ukishawahi kulala chini ya bati hapa pwani. Moja ilivimba ikawa kama andazi. Niliitoa nje ya nyumba siku hiyo hiyo na sikuitumia tena. Sasa kama sirushi kesho yake, kila seli naiacha kwenye volti 3.8, na betri zote hukaa ndani ya chungu cha udongo kilichofunikwa kigae, sakafuni, mbali na pazia.

Nilipokwenda Lushoto kwa harusi ya shemeji mwezi Machi niliichukua, nikitaka kuwaonyesha watu. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Tongoni kwa zaidi ya asilimia 10. Stiki ambayo nyumbani huisimamisha helikopta hewani, kule ilikuwa ikiiburuta juu ya nyasi tu. Ilibidi niipandishe zaidi, betri ikaishiwa mapema, na kila marekebisho yalichelewa kama mazungumzo ya simu yenye mtandao mbovu. Mwenyeji wangu alidhani nimeogopa watu. Sikumweleza habari za hewa. Nilikula pilau yangu nikanyamaza.

Niliporudi ndipo nilipokamilisha nilichokuwa nakitafuta. Ilikuwa Jumapili, saa 12:15 asubuhi, umande unapuliza polepole kutoka bara na majani ya mnazi hayatikisiki. Niliipandisha usawa wa macho, nikaigeuza pua taratibu mpaka ikanitazama, nikaiacha hapo. Ilikuwa mita sita mbele yangu, na nilikuwa naziona skrubu mbili za pua yake. Iliinamia kulia kwake, nikaitegemeza. Ikataka kunijia, nikaivuta nyuma. Ikatulia, ikainama tena. Sikuwaza stiki hata mara moja mpaka rimoti ilipolia dakika tano. Nikaitua, nikaigusa swichi ya kukata mota, na mapanga yalipokuwa yanapunguza mwendo nikamsikia yule mtoto nyuma ya mnazi akimwambia mwenzake, "Leo ya anko haijaenda popote."

Hatua inayofuata ni kuipeleka na kuirudisha kwa umbo la namba nane, polepole, bila kuipoteza pua inapogeuka. Kwenye simuleta ninaifanya. Kwa helikopta yenyewe itabidi ningoje, kwa kuwa kusi imekwisha kushika, na hata alfajiri miti haitulii. Mbili zilizobaki katika zile betri nimeziacha kwenye volti 3.8, mapanga mapya yako sandukuni, na mjomba anasema nisitazamie asubuhi za kuaminika mpaka maleleji ya Oktoba.